Meza Isiyocheza: Ugumu Kwanza, Uzito Baadaye

Leo naomba radhi mapema. Hakuna simu mpya, hakuna programu mpya, na ile habari ya hifadhidata niliyoahidi itangoja kidogo. Leo ni habari ya meza. Ndiyo, meza ya mbao yenye miguu minne. Lakini mwenye subira atakuta humu ndani hesabu, vipimo na hata programu ndogo ya simu, kwa hivyo msikimbie bado.

Mpwa wangu hutengeneza simu mjini Nakuru. Simaanishi kubadilisha vioo na betri tu. Hufungua bodi yenyewe, akaitazama kwa hadubini, akang'oa chipu iliyokufa na kuweka nyingine. Kazi hii inalipa vizuri kuliko kuuza kava na chaja, na wanaoiweza si wengi. Tatizo lake lilikuwa meza. Mchomeleaji mmoja alimtengenezea kwa vyuma vya mraba vya inchi moja, vyembamba, na juu akaweka ubao wa milimita 18. Ukiitazama unaona meza nzuri iliyopakwa rangi. Ukiweka kiwiko juu yake, inaenda kushoto halafu inarudi.

"Mjomba, hii meza inacheza," aliniambia kwa simu. "Nimelipa watu simu mbili mwezi huu."

Kulipa simu mbili kwa mwezi ni kodi ya kile kiduka na zaidi. Alikuwa ameanza kufikiria kuachana na kazi za bodi arudi kwenye kava.

Wacha nieleze kwa nini meza inaweza kuua simu. Vipuri vidogo kwenye bodi za simu vina ukubwa wa milimita 0.6 kwa 0.3. Viko vidogo zaidi, vya milimita 0.4 kwa 0.2, ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Fundi huvishika kwa kibano huku akipuliza hewa moto, na lehemu ikiyeyuka anakiweka kipuri mahali pake. Lehemu ya zamani ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, ambayo viwanda vilihamia hasa baada ya sheria ya Ulaya kuanza kutumika Julai 2006, huyeyuka karibu na nyuzi 217 hadi 220. Katika zile sekunde chache ambazo lehemu ni maji maji, na hasa inapoanza kuganda, kitu chochote kikisogea kiungo kinaharibika. Chipu kubwa ikisogea upana wa unywele mara chache, vitone vilivyo chini yake vinaungana na umeme unapita pasipofaa. Hapo simu iliyokuja ikiwa mgonjwa inaondoka ikiwa maiti.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Hadubini na bodi viko juu ya meza moja, kwa hivyo ungedhani vikitikisika pamoja hakuna tatizo. Lakini hadubini ya mafundi hushikiliwa na mkono mrefu wa chuma unaoning'inia mbele, kama mti wa mvuvi. Meza ikienda kushoto, mkono ule unachelewa kidogo, halafu unaifuata, halafu unaipita. Macho ya fundi yako kwenye hadubini, viwiko vyake viko mezani. Picha inaogelea, na fundi anajaribu kuifuata kwa kibano. Niliwahi kuweka rula ya chuma chini ya hadubini yake na kuigusa meza kwa kiganja tu. Mistari iliruka karibu milimita 0.3, yaani upana mzima wa kile kipuri.

Basi nikaanza kutafuta ni nani duniani aliyekwisha kuumiza kichwa juu ya meza zinazocheza. Nikakutana na watu ambao sikuwatarajia: Wamarekani wanaojaza risasi upya nyumbani kwao.

Kwao sheria ya taifa inamruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni ya biashara, na wawindaji na walenga shabaha wengi wana chumba kidogo cha kazi hiyo. Wanaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, wanayasukuma ndani ya kalibu ya chuma ili yarudi umbo lake, wanaweka kiwashio kipya, wanapima baruti, kisha wanakandamiza kichwa cha risasi juu. (Hapa kwetu msithubutu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo na mtu anayetengeneza risasi chumbani, na kiwanda cha serikali cha kazi hiyo kiko Eldoret tangu 1997.) Sina haja na bunduki zao. Kilichonivutia ni meza.

Fikirieni wanachoidai meza ile. Mashine ya kukandamiza hufungwa ukingoni kwa bolti, nayo ina mpini mrefu. Mtu anauvuta mpini chini kwa nguvu, halafu anaurudisha juu, mara mia kadhaa kwa jioni moja. Kila mvuto unataka kuing'oa meza sakafuni na kuipinda mbele. Kisha pembeni, juu ya meza hiyohiyo, kuna mizani ya baruti. Wao hupima kwa kipimo kiitwacho greini, ambacho ni gramu 0.0648, na mizani zao husoma sehemu ya kumi ya hiyo. Yaani meza moja inabeba kazi ya ubavu na kazi ya mfamasia. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasukia usoni. Watu wenye hofu ya namna hiyo huchukua habari ya meza kwa uzito.

Na mpwa wangu ana shida ileile hasa: jiliwa ya kushikilia fremu za simu na kukaza vitu kwa nguvu, na hadubini ya kazi ya nywele. Hata neno lenyewe linatuunganisha, maana Kiswahili kinaita risasi ile ya bunduki na ile ya lehemu kwa jina moja.

Waliyoyafanya Wamarekani hao ni mambo matatu. Meza inafungwa ukutani. Mashine inafungwa karibu kabisa na mguu, wala haiwekwi katikati ya mbao. Mizani inapewa rafu yake yenyewe ukutani, isiyogusana na meza. Ushauri mzuri, ila nyumba zao nyingi zina kuta za nguzo za mbao, na bolti inapata mahali pa kushika. Kiduka cha mpwa wangu kiko ghorofa ya kwanza, kimegawanywa na jirani kwa plaiwudi nyembamba, na upande wa nyuma ni kioo. Ukifunga meza kwenye ukuta ule, ukuta ndio utakaoanza kucheza. Ilibidi meza ijisimamie yenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Ukimwuliza mtu yeyote mtaani meza imara ni ipi, atakwambia ni ile nzito. Mpwa wangu pia alitaka mbao nene za mkaratusi na matofali chini. Nikamwambia tupime kwanza.

Karibu kila simu ina kihisi cha mwendo ndani yake. Niliandika programu fupi inayokisoma mara 100 kwa sekunde na kuandika namba kwenye faili, nikaibandika simu juu ya meza ya chuma kwa utepe, nikaigonga meza ubavuni kwa nyundo ya mpira. Ukichora zile namba unapata mawimbi yanayopungua. Meza ile ilikuwa inakwenda na kurudi mara 6 kwa sekunde, na ilichukua karibu sekunde 2 kutulia. Sekunde 2! Lehemu imekwisha kuganda vibaya kitambo.

Kisha tukaweka juu yake mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa mchanga, kama kilo 60 zote pamoja. Watu wa mlangoni walidhani tumerukwa na akili. Tukagonga tena. Meza ikaenda polepole zaidi, mara 3 na kitu kwa sekunde, na ikakawia zaidi kutulia. Ilikuwa imekuwa nzito, lakini sasa ilikuwa inabembea kama mlevi mnene badala ya mlevi mwembamba.

Sababu yake imo katika fizikia ya shule. Kasi ya mtikisiko inategemea ugumu ukigawanywa kwa uzito, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Ukiongeza uzito bila kuongeza ugumu, unaipunguza kasi na kuirefusha safari. Uzito unasaidia kweli, kwa sababu kiwiko kinapata shida kusukuma kitu kizito, lakini unasaidia baada ya ugumu kupatikana.

Na ugumu hautoki kwenye unene wa miguu. Chukueni vijiti vinne vya kiberiti mviunganishe kuwa mraba kwa pini. Vinalala upande kama karatasi. Ongezeni kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, haviendi popote, maana pembetatu haiwezi kubadilika umbo bila kijiti kimojawapo kurefuka au kufupika. Meza ya chuma ile ilikuwa miraba mitupu. Chuma ni kigumu kuliko mbao takriban mara 20, lakini kilichokuwa kikizuia meza isilale ni viungo vya kuchomelea kwenye kona tu, na vyuma vyenyewe vilikuwa vyembamba. Tena chuma kikishagongwa huendelea kuimba, wakati mbao hunyamaza upesi. Ningeweza kumrudia mchomeleaji aongeze vyuma vya mshazari, na kwa watu wengi hiyo ndiyo njia rahisi. Lakini tulihitaji meza ndefu zaidi na iliyo juu zaidi, kwa hivyo tukaanza upya kwa mbao.

Nakuru ni mahali pazuri pa kununua mbao kwa sababu misitu ya Molo na Elburgon haiko mbali. Wenyeji wanakumbuka marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018, jinsi viwanda vya Elburgon vilivyonyamaza, mpaka Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Tulichukua saipresi ya 4 kwa 2, futi 60, ambazo nililipa shilingi 55 kwa futi, na plaiwudi moja ya milimita 18 ya futi 8 kwa 4. Nilichagua mbao kwa kuzitazama kutoka kichwani kama mtu anayelenga, nikakataa zilizojipinda na zilizo na mafundo makubwa karibu na ncha. Mwenye yadi hakufurahi. Mvumilieni, pesa ni yenu.

Mbao za yadi zetu nyingi ni mbichi, na hili lina maana kubwa. Nilikata kipande kidogo, nikakipima kwa mizani ya jikoni: gramu 214. Nikakikausha kwenye ovena kwa moto mdogo nikikipima mara kwa mara mpaka kikaacha kupungua: gramu 176. Tofauti ni gramu 38, ukizigawanya kwa 176 unapata maji ya asilimia 21 na ushei. Mbao ya namna hiyo ikikaa ndani ya nyumba itaendelea kukauka na kusinyaa kwa upana, karibu bila kufupika kwa urefu. Msumari uliopigwa leo utakuwa umelegea baada ya miezi michache. Ndiyo maana nilikataa misumari kwenye viungo vyote vinavyobeba nguvu nikatumia bolti za milimita 10, maana bolti unaweza kuikaza tena.

Miguu ndiyo sehemu niliyoifurahia zaidi. Fundi seremala wa kweli angechonga tundu kwa patasi na kuingiza ulimi. Mimi si seremala, na mpwa wangu ndiyo kabisa. Kwa hivyo kila mguu tuliufanya kwa mbao mbili za 4 kwa 2 zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Ya nje ni nzima kutoka juu hadi chini. Ya ndani imekatwa vipande, na kati ya kipande na kipande tumeacha nafasi ya upana wa mbao nyingine. Gundi ikishakauka, una mguu wa inchi 4 kwa 4 wenye mapengo tayari, na mbao za kulala zinaingia mle kama droo. Hakuna patasi iliyotumika. Uzito unakaa juu ya bega la mbao lenyewe, na bolti kazi yake ni kuzuia tu isichomoke. Washa ziwe pana, la sivyo kichwa cha bolti kitazama ndani ya saipresi, ambayo ni mbao laini.

Kuhusu urefu wa kwenda juu, meza za kawaida ni kama sentimita 75. Hizo ni za kulia chakula. Mpwa wangu ni mrefu na hukaa kwenye stuli, na ukiinamia hadubini siku nzima shingo inakudai. Tulimkalisha, akatazama kwenye hadubini akiwa amenyooka, tukapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Ikatoka sentimita 86. Hiyo ndiyo meza.

Plaiwudi moja ilitosha kwa hesabu hii. Pasueni kwa urefu mpate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Kila kimoja kikateni kwenye futi 6. Mna vipande viwili vya futi 6 kwa 2, ambavyo ni uso wa meza, na mabaki mawili ya futi 2 kwa 2. Mabaki hayo msiyatupe, hayo ndiyo ukuta wa ubavuni! Yakifungwa kila upande kati ya mguu wa mbele na wa nyuma kwa gundi na skrubu, meza haiwezi tena kwenda mbele na nyuma, kwa sababu ubao mzima ni kama pembetatu zisizohesabika. Kwa mwendo wa kushoto na kulia tuliweka mbao mbili za mshazari upande wa nyuma, kila moja ikianzia chini ya mguu na kupanda hadi katikati ya boriti ya juu. Mbele tumeacha wazi kwa ajili ya magoti.

Vile vipande viwili vya uso viligandishwa kimoja juu ya kingine. Hapa sisitizeni gundi, na muimwage kila mahali. Ubao ukiwa mnene mara mbili unakuwa mgumu kupinda mara 8, kwa sababu ugumu unafuata unene mara tatu kwa kuzidishwa. Lakini hiyo ni ikiwa zile mbao mbili zimekuwa kitu kimoja. Mkizishika kwa skrubu chache tu, zinateleza moja juu ya nyingine wakati wa kupinda, na mnapata karibu mara 2 badala ya 8. Kopo la gundi linawapa tofauti hiyo. Tulipanga juu yake mitungi ile ya mchanga usiku kucha ili ishikane.

Sakafu ya kile kiduka haiko sawa, na meza ya miguu minne juu ya sakafu isiyo sawa husimama kwa mitatu. Tulichonga kabari nyembamba kwa ule mguu mmoja uliokuwa hewani, na chini ya yote minne tukabandika mpira mwembamba wa chubu ya baiskeli ili isiteleze. Msiweke mpira mnene wa tairi. Nimeona watu wakipendekeza hivyo kwa ajili ya kuzuia mtetemo, lakini mnakuwa mmejenga ugumu wote huo halafu mnauweka juu ya godoro.

Tukagonga. Kabla ya uzito wowote, meza mpya ilitoa mara 19 kwa sekunde na ikatulia kabla ya theluthi ya sekunde. Yenyewe ina kama kilo 75. Kisha tukaweka chini, kwenye rafu mbili fupi za ncha zote mbili, mitungi minne ya mchanga, kilo 120 hivi. Kasi ilishuka kidogo hadi 17, lakini wimbi lenyewe likawa dogo sana hata ikabidi nigonge kwa nguvu zaidi ili nilione kwenye mchoro. (Mchanga, si maji. Mtungi ukivuja karibu na nyaya za umeme mtanikumbuka. Na siku atakapohama, mchanga unamwagwa, meza inabebwa na watu wawili.) Rula chini ya hadubini haikuruka tena kwa kiwiko. Lori likipita barabarani bado picha hutetemeka kidogo, maana hapo jengo zima ndilo linalotetemeka, na dawa yake ni kusubiri lori lipite.

Kulikuwa na simu moja iliyokuwa ikingoja wiki tatu ndani ya droo. Ni ya mama mmoja muuza nguo, na ndani yake kulikuwa na picha na sauti za marehemu mumewe, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Simu haikuwaka kabisa, chipu ya umeme ilikuwa imekufa. Wengine mtasema si mng'oe chipu ya kumbukumbu muisome kwenye bodi nyingine? Simu nyingi za sasa haziruhusu hivyo. Vilivyomo vimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu kuu ya bodi ileile, kwa hivyo bodi hiyo lazima ifufuke yenyewe, hata kwa dakika kumi tu. Ukiichoma, umemzika yule mzee mara ya pili. Mpwa wangu alikuwa amekataa kuigusa kwenye meza ya zamani, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa ufundi wake.

Aliifanya Jumamosi asubuhi, mapema kabla jengo halijajaa watu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja nikajifanya nasoma barua pepe. Dakika 40. Kisha nikasikia ule mlio wa simu kuwaka, naye hakusema kitu, alichomeka waya akaanza kunakili. Alinakili mara mbili, kwenye diski mbili. Mama alikuja Jumanne, ameniambia, akasimama pale kaunta akizipitia moja moja, akasahau kuuliza bei.

Siwezi kuwaambia kwamba meza ndiyo iliyotengeneza simu ile. Mikono ni ya kijana. Lakini kwenye meza ile nyingine asingeanza.

Mengine machache nimalizie. Jiliwa, ambayo mafundi wengi huiita vaisi, tuliifunga juu kabisa ya mguu wa mbele wa kulia, bolti zikapita plaiwudi zote mbili na boriti iliyo chini. Hadubini iko ncha ya kushoto. Tumekubaliana kwamba wakati mtu anatumia jiliwa, hadubini inapumzika. Ile rafu ya pekee ya Wamarekani tumeikosa kwa sababu ya kuta, na nikipata kiduka chenye ukuta wa mawe nitaifunga siku hiyohiyo.

Juu ya uso wa meza kuna mkeka. Angalieni sana hapa, kwa sababu ile mikeka ya buluu ya silikoni inayouzwa kila mahali huzuia joto, lakini mingi haiondoi umeme tuli. Ni vitu viwili tofauti. Nakuru miezi ya Januari na Februari ni kavu, na mwili wa mtu aliyevaa sweta unaweza kubeba volti elfu kadhaa asizozihisi, zinazotosha kuua chipu. Tulinunua mkeka wa umeme tuli tukaweka wa silikoni juu ya sehemu ndogo tu ya hewa moto. Mkanda wa mkononi una kizuizi cha ohm milioni moja ndani yake, ili akigusa umeme wa volti 240 kwa bahati mbaya asigeuke njia ya mkato kwenda ardhini. Na hiyo ardhi yenyewe muihakikishe. Soketi ya pale ilikuwa na tundu la tatu, lakini tulipoifungua hakukuwa na waya uliounganishwa nyuma yake. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni akavuta waya wa ardhi kutoka ubao mkuu. Mkanda uliounganishwa na tundu lisilo na kitu ni pambo la mkononi.

Wanaotaka michoro waniandikie, nitawatumia vipimo vyote pamoja na ile programu ya kusoma mtikisiko, ni mistari isiyofika 60. Mkijaribu kwenye meza zenu nitumieni namba, nina hamu ya kujua meza za ofisi zinatoa ngapi kwa sekunde.

Mbao bado zinakauka. Wiki ya sita nilipopita pale, bolti za nyuma zilikuwa zimelegea nusu mzunguko na kasi ilikuwa imeshuka hadi 15. Tukazikaza, ikarudi 17. Spana namba 17 sasa inaning'inia kwenye msumari chini ya meza, na kijana ameandika tarehe za kukaza kwa kalamu ya wino mzito kwenye plaiwudi ya ubavuni, hadi Disemba.